Dira Kumi Zilizotazama Mlangoni

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na tayari Mama Fyuzi anatokwa na jasho ambalo jua bado halijalitafuta. Ameliinamia benchi la maabara ya fizikia, vifungo vya koti lake jeupe vimepishana tundu moja, na anahesabu kwa kidole.

Mbele yake kuna dira kumi na sita, kila moja ndogo kama kifuniko cha soda. Amezipanga juu ya meza mbili ndefu za mbao na kuziachanisha shubiri mbili mbili, maana dira zikikaribiana sana hupotoshana, kama binadamu tu. Ncha zake nyekundu zinatakiwa zionyeshe kaskazini, zote, bila mjadala.

Sita zinatazama ubaoni. Kumi zinatazama mlangoni, kana kwamba zimesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Anahesabu tena. Bado ni kumi.

"Nimekwisha," anasema. Wa kumjibu ni bomba linalovuja.

Saa tatu kamili unaanza mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Wanafunzi arobaini na watano wataingia humu kwa makundi matatu, kumi na tano kila kundi. Orodha ya vifaa iliyoletwa haisemi swali ni lipi, lakini sumaku moja, dira moja na karatasi nyeupe kwa kila mtahiniwa ni kama sufuria iliyoinjikwa: hata asiyeambiwa anajua kuna kitu kitapikwa. Wataizungushia sumaku dira, watatia nukta kwa penseli, watachora mistari na kuweka mishale.

Mtoto atakayepewa dira iliyogeuka ataweka mishale yote kinyumenyume. Ataiweka vizuri, kwa rula, na kwa kujiamini. Kisha atakosa.

Mama Fyuzi ni mtunza maabara wa shule hii kwa mwaka wa kumi na tisa. Aliishia darasa la saba, akaajiriwa kufagia. Siku moja mwalimu wa fizikia wa wakati huo, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumkimbia, alimwomba amsomee ammita inaonyesha ngapi. Akaisoma. Kesho yake akaombwa tena, na ufagio ukapata mtu mwingine.

Jina walimpa wanafunzi, kwa sababu mbili. Umeme ukikatika maabara, huitwa yeye. Na ukichezea betri zake, hukatika yeye.

Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na umeshaandikwa upya zaidi ya mara sabini. Safari hii umekuja na kipengele kipya: kuanzia mwaka ujao, mtunza maabara awe na cheti cha kidato cha nne, na fizikia iwemo. Mkuu wa shule atampendekeza aendelee au asiendelee, kwa barua itakayoandikwa mwisho wa mwezi huu.

"Nina miaka arobaini na minane," anasema. "Wenzangu wanangojea wajukuu, mimi nangojea cheti."

Sasa hizi dira. Kilichozigeuza anakijua.

Kwa miaka kumi na saba alizitunza dira kwenye kopo la biskuti, kabati la pili, mbali na sumaku. Sumaku zenyewe zilikaa kabati la kwanza, zikilala mbili mbili mzungu wa nne, kichwa cha hii miguuni pa ile, na kipande cha chuma kila upande kuzifunga zisipoteze nguvu. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Mwaka wake wa pili aliziacha pamoja, akaona dira zilivyopata kichaa, akajifunza.

Wiki mbili zilizopita wakaguzi walitangaza kuja. Mkuu wa shule, mama mnadhifu ambaye hata kalamu zake hukaa kwa urefu, akapita maabara na kuliona lile kopo.

"Hili nalo ni nini? Tuna duka la biskuti?"

"Ni dira, mama mkuu."

"Dira si somo la sumaku? Ziweke na sumaku. Kila mada na droo yake, na kibandiko juu."

Mama Fyuzi alifungua mdomo. Akakumbuka barua ya mwisho wa mwezi. Akaufunga. Kisha kwa mikono yake mwenyewe akazimimina dira ndani ya droo ya sumaku, na juu yake akabandika karatasi kwa mwandiko mzuri.

"Ulimi huu," anasema, akiugusa kwa kidole, "kwa mume wangu haujapata kushindwa hata siku moja. Siku hiyo ulilala usingizi."

Wakaguzi wakaja, wakasifu vibandiko, wakaondoka. Ufunguo wa droo ukakabidhiwa kwa mwalimu wa fizikia hadi jioni ya kuamkia mtihani. Jana jioni Mama Fyuzi alipouchukua kwake, alitamani afungue palepale, lakini maabara ilikuwa imeshatiwa lakiri, na lakiri huvunjwa saa kumi na mbili mbele ya mlinzi. Usiku alilala kama samaki, macho wazi.

Saa moja kasoro dakika kumi, mwalimu wa fizikia anaingia. Ni kijana aliyetoka chuoni mwaka jana, anayetembea haraka hata akiwa hana pa kwenda.

"Shikamoo, mama. Mambo yamekaa sawa?"

"Marahaba. Yamekaa, ila yamegeuka."

Anaziona. Anaketi kwenye stuli, anasimama, anaketi tena.

"Zipi ndizo sahihi?"

"Ndilo swali hilo, mwanangu."

Simu ingewasaidia, lakini leo simu zote zimebaki kwa mlinzi, ni amri ya mtihani. Mwalimu anajikuna kidevu ambacho ndevu hazijakiamini.

"Kumi zinasema huku, sita zinasema kule," anasema hatimaye. "Tukubaliane na zilizo nyingi."

"Mwalimu, tunachagua kiranja hapa?"

"Basi tufanyeje? Imebaki saa mbili na dakika kumi!"

Mama Fyuzi anakwenda dirishani. Jua limeshapanda juu ya bati la darasa la jirani, linapiga moja kwa moja usoni. Anasimama wima, anainua mikono yote miwili pembeni kama mtoto wa darasa la tatu, na anaimba polepole kwa sauti ya shuleni:

"Mbele yangu mashariki, nyuma yangu magharibi. Mkono wa kulia kusini. Mkono wa kushoto…"

Mkono wa kushoto unaelekea ubaoni.

"Sita," anasema. "Hizi kumi ndizo zimelewa."

Mwalimu anataka kucheka lakini kicheko kinakwama njiani. Anaikubali hesabu ya mikono, ila ana wasiwasi mwingine: je, sumaku zenyewe zina uhakika? Rangi ni rangi tu. Mama Fyuzi anachomoa uzi kwenye pindo la koti lake, anaufunga kiunoni mwa sumaku moja na kuining'iniza kwenye kishikio cha mbao. Inazunguka. Inakwenda, inarudi, inakwenda tena.

"Tulia, mama, tulia," anaibembeleza.

Dakika nne nzima watu wazima wawili wanaitazama sumaku ikibembea. Hatimaye inasimama, ncha nyekundu imetazama ubaoni.

Kazi inaanza. Anaiinamisha dira ya kwanza mpaka sindano yake inagusa kioo na kukwama, isiweze kujigeuza. Kisha anachukua sumaku, anaipitisha juu yake kwa ncha ya kusini, kutoka upande mweupe mpaka upande mwekundu, anainua juu kabisa, anarudi mwanzo, anapitisha tena. Njia moja tu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta mgongoni. Mara sita, mara saba. Anailaza dira mezani.

Ncha nyekundu inatikisika, inasita, kisha inageuka taratibu kuelekea ubaoni.

"Umerudi nyumbani," anaiambia. "Ya pili, njoo."

Mwalimu anajaribu moja. Anasugua kwenda na kurudi, dira inazidi kuchanganyikiwa, inaonyesha kabati.

"Chuoni walitufundisha uga wa sumaku wa dunia nzima," anasema kwa aibu. "Droo hawakutufundisha."

"Wewe puliza vumbi la betri, mwanangu. Hizi niachie."

Saa mbili na nusu, tisa zimerudi. Ya kumi imegoma. Sindano yake imeshika kutu katikati. Ukiigonga inasogea nywele moja, inalala tena. Vituo ni kumi na tano, na dira nzima ziko kumi na tano. Lakini orodha inataka kumi na sita, moja ya akiba, na kila kifaa kinahesabiwa na kusainiwa.

Mwalimu anamnong'oneza: "Mama, tuiweke tu ya akiba. Nani ataigusa?"

Ni kweli, huenda asiiguse mtu. Na huenda dira ya mtoto ikaanguka saa nne kamili, akaletewa hii iliyokufa. Mama Fyuzi anaitenga kando na zile kumi na tano. Nje, viatu vya wanafunzi vimeanza kusikika kwenye kokoto.

Saa mbili na dakika arobaini na tano, msimamizi wa nje anaingia na bahasha zake, mkuu wa shule akiwa nyuma yake. Msimamizi anahesabu dira. Anafika kumi na tano.

"Ya kumi na sita?"

"Hii hapa, bwana, lakini ni mgonjwa," anasema Mama Fyuzi. "Na kumi zilikuwa zimegeuka. Zilikaa droo moja na sumaku. Niliziweka mimi. Nilijua hazitakiwi kukaa pamoja, na nikaziweka."

"Kwa nini, kama ulijua?"

Mkuu wa shule ghafla anaona kibandiko kimoja kimekaa upande, anakwenda kukinyoosha.

"Niliogopa," anasema Mama Fyuzi. Hamtaji mtu.

Msimamizi anachukua dira tatu bila kuchagua, anazipeleka kona mbalimbali, anazitazama. Anaandika kitu kwenye fomu, kirefu, mistari minne au mitano, kisha anaikunja. Anasema tu: "Waingie."

Mtunza maabara haruhusiwi kubaki ndani. Kwa hiyo saa tatu na nusu Mama Fyuzi amesimama nje, pua kwenye kioo cha dirisha, akijifanya anafuta. Kwenye meza ya karibu binti mmoja anachora. Mshale wa kwanza unatoka ncha ya kaskazini. Wa pili pia. Wa tatu. Kitambaa kinasimama juu ya kioo.

"Mishale ingegeuka kinyume hapo hapo," anasema, "na yule mtoto asingejua maisha yake yote ni nani aliyemponza."

Kilichoandikwa kwenye fomu hakijui mpaka leo. Mkuu wa shule alipita karibu naye saa sita mchana, akasimama, akakohoa. "Lile kopo lako," akasema, "bado unalo?" Akajibiwa lipo. Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Je, hiyo ni barua njema au mbaya? Mama Fyuzi ameipima usiku na mchana, mizani haitulii.

Wakati huo huo anasoma. Ameshajiandikisha kufanya mtihani huohuo mwakani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni binti yake wa kidato cha tatu humfundisha kwenye meza ya kulia, na hana huruma.

"Mama, sauti ni wimbi la aina gani?"

"La kukusumbua wewe."

"Sifuri. Taja sheria ya kuakisiwa kwa mwanga."

"Mwanga unarudi kama ulivyokuja. Tofauti na deni."

"Mama! Mtihani hautaki utani!"

Vitendo havimtishi. Kinachomtisha ni maneno: vitu alivyovishika miaka yote kwa mikono, sasa lazima avishike kwa kalamu. Na kuna hofu moja zaidi, ambayo humwamsha alfajiri. Mtahiniwa haruhusiwi kuandaa maabara ya mtihani wake mwenyewe. Siku hiyo, mtu mwingine atafungua makabati, na yeye atangoja nje kwenye kokoto pamoja na watoto.

"Miaka yote naandalia watu," anasema. "Nani ataniandalia mimi?"

Ameshachukua hatua. Dira kumi na tano zimerudi kwenye kopo la biskuti, kabati la pili. Ndani ya kifuniko amebandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri, ule ule wa vibandiko vya wakaguzi:

"Usiziweke na sumaku, hata ukiamriwa. Ukiogopa, niite. Nitakuwa pale nje, mwenye mvi."