Kitanda cha Mama Ishengoma

Meja mstaafu Haruni wa Rwamishenye amechoka, wala si uchovu wa kulala ukaisha. Kila mwaka huitwa kwenye semina ileile ya kulinganisha miongozo ya ulinzi wa amani ya majeshi rafiki. Ameilinganisha mpaka anaiota. Kwetu, kamanda aliye pale pale ndiye huamua. Wenzetu wa pili husubiri ruhusa kutoka nchini kwao. Wa tatu hawatoki kambini giza likiingia. Bendera moja, kofia rangi moja, na picha ya pamoja wanapiga wakicheka. Angalau sambusa za semina huwa za moto.

Safari hii semina ilipoisha hakurudi nyumbani. Alipanda gari hadi Muleba, kwa mama wa Koplo Ishengoma, kijana wa kikosi chake aliyeuawa huko misheni walipozingirwa, huku kikosi rafiki kikiwa ng'ambo ya mto na magari yake yote. Tangu mazishi, mama huyo hulala chini juu ya nyasi, kama wafiwa walalavyo. Matanga yalikwisha, majirani wakarudi makwao, yeye akagoma. Hapandi kitandani mpaka atajiwe aliyemwacha mwanawe afe. Mgongo umekwisha, magoti yamevimba, na habembelezeki.

Haruni akapewa kahawa ya kutafuna, akatafuna.

“Waitu mama,” alisema kwa heshima, “nimekuja na jibu.”

“Liseme, mwana wange. Ni nani?”

Angeweza kumtajia kamanda wa ng'ambo. Jina analikumbuka, na lingemlaza bikizee kitandani usiku huohuo. Lakini Haruni alimkuta kamanda yule asubuhi baada ya mapigano, bado ameshika simu aliyoombea ruhusa, analia kwa hasira. Kumtwisha kifo kile ingekuwa dhuluma.

“Hakuna mtu, mama. Walitaka kuja. Kitabu chao cha mwongozo kinawataka waombe ruhusa nchini kwao kwanza. Ruhusa ilipofika, Ishengoma alikuwa ameshakufa.”

“Na kitabu chenu?”

“Chetu kingeturuhusu kwenda kuwaokoa wao.”

“Mlijua kwamba vinatofautiana?”

“Tulijua. Tulikuwa tumepanga semina.”

Haruni alidhani sasa mama atainuka apande kitandani. Bikizee alizisogeza nyasi, akajilaza taratibu, akamgeuzia mgongo.

“Mtu ningemsamehe, mwana wange,” alisema. “Kitabu nakisameheje?”