Wa Kunitwisha Ndoo

Juzi sokoni Tunduma mama mmoja aliniita, "We binti, umekua hivi?" Niliinamisha kichwa, nikapita. Nilimkumbuka.

Nilikuwa mdogo. Kijijini kwetu Mbangala watu walikuwa wameichoma nyumba ya Mama Tumaini, kwa sababu familia yake, walokole kama sisi, ilikataa kuchangia tambiko la mvua. Mama na wenzake wa kanisani walikuwa wanaikandika upya, udongo unanuka majivu, nikatumwa maji. Nilijaza ndoo, nikasubiri wa kunitwisha, maana pale kisimani mtoto haachwi ajitwike mwenyewe. Yule mama wa sokoni, aliyekuwa akichota na wenzake, akasema, "Si una Yesu? Mwombe akutwishe."

Nilidhani ananielekeza. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikaomba kwa sauti. Vicheko vya wale wanawake vilikatika ghafla. Halafu maji yote yakanimwagikia, baridi, na ndoo ikabingirika.

Nilirudi nikilia, nikamwambia Mama kwamba Yesu aliinyanyua ndoo ila akakosea kichwa changu. Sasa najua mikono ilikuwa ya nani. Mama alinivua gauni, akalikamua juu ya udongo uliokuwa unakauka, akaendelea kukandika.