Kabati Mbele ya Ufa

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye nyumba, kwa wapangaji, na kwa wale ambao bado wanalala kwa shemeji: fundi aliyenyoosha nusu ya kuta za mji huu, mtu aliyewahi kubomoa kazi ya mwenzake kwa kosa la unene wa kidole, ameishi miaka kumi na tisa na ufa sebuleni kwake, akiuficha kwa kabati. Wenye kofia wavue.

Watu walimwita Timazi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilibaki kwenye kitambulisho tu. Timazi ni kile kijiwe cha chuma chenye kamba ambacho waashi hukining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, na yeye alitembea nacho mfukoni hata kwenye sherehe. Siku binti yake alipoolewa, alimkodolea macho bwana harusi, akatikisa kichwa na kumnong'oneza mkewe kwamba kijana anainamia kushoto.

Lakini mganga hajigangi. Ufa wake ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda mshazari hadi darini kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Chanzo alikijua. Walipohamia, mkewe alipanda mlimau kwenye kona ya nyumba, akalalamika kwamba kuumwagilia ni kazi. Timazi, ambaye wakati huo mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani, aligeuza bomba la maji ya bafuni likaishia kwenye shina la mlimau. Mti ukanenepa. Kona ya nyumba ikazama. Kila aliyeoga humo aliuchimba msingi kwa sabuni yake, na hao walikuwa watu wasafi.

Fundi kuonekana na ufa kwake ni sawa na kinyozi kuonekana na chawa. Kwa hiyo Jumapili moja aliwaita mashemeji zake wanne wakambebea kabati la mbao nzima alilorithi mkewe, wakaliegemeza pale. Lilijaa mashuka. Mgeni akiuliza kwa nini mashuka yanakaa sebuleni, mama wa nyumba alijibu kwamba yanapenda maongezi.

Hayo yangeendelea hadi kiama kama si magoti. Kutoka barabarani hadi mlangoni pao palikuwa na ngazi arobaini na moja, na mama alifika mahali akawa anapumzika mara tatu njiani, akiwasalimia mijusi. Binti yao akawapatia nyumba ndogo kwenye tambarare, ukuta kwa ukuta na yake. Mwenye nyumba hiyo akakubali kuwasubiri mpaka mvua ziishe. Wakiuza ya kwao kabla ya hapo, mama atatembea bila kuhesabu. Wasipouza, ni hizo ngazi mpaka mwisho.

Timazi alilitazama kabati siku mbili. Siku ya tatu akamwita mkwe na wapagazi watatu wakaliburuta hadi chumba cha nyuma. Mkwe alishtua mgongo, na tangu hapo akawa anainamia kulia. Baba mkwe aliliona hilo kama maendeleo.

Kisha mzee wa miaka sitini na minane akashika sululu. Kwanza alilielekeza bomba kwenye mtaro, na mkewe akauaga mlimau kwa ndoo mbili za heshima. Halafu akachimba chini ya msingi kipande kwa kipande. Alichimba hatua moja, akajaza zege, akasubiri likauke, ndipo akahamia kipande kingine, kwa sababu ukiifukua kona yote kwa pupa, nyumba inashuka kukusalimia. Mwishowe akaushona ufa kwa vipande vya nondo, kama daktari anayeshona tumbo. Alipiga mluzi muda wote. Mkewe alisema hajamwona na furaha hivyo tangu enzi za bomba.

Juu ya ufa alibandika kipande chembamba cha kioo, ncha zake mbili zikishikwa na saruji, akaandika tarehe. Kioo hakijui kuvumilia. Ukuta ukisogea hata kwa unywele, kinapasuka. Kikidumu, ufa umekufa.

Siku ya kumi na nane kikapasuka.

Timazi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Chakula kikapoa. Mkewe alizunguka jikoni mara mbili, akarudi, akasimama mbele yake.

"Mzee, ni mimi. Nilikuwa na mende."

"Mende gani?"

"Wa ukutani. Nilimrushia kandambili."

"Ulimpata?"

"Hapana."

Timazi alimnunia mpaka kesho yake jioni, akabandika kioo kingine, akaanza kuhesabu upya.

Ndipo akaja dalali, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na manukato yaliyofika ngazi kumi kabla yake. Alisema ana mteja, mwalimu wa shule, na ana ushauri: lipu nyembamba, rangi ya maziwa, kabati lirudi mahali pake. Ukuta umeshapona, mzee wangu, sasa mgonjwa aliyepona anaonyesha kidonda cha nini? Timazi akasema atafikiri.

Mwalimu alifika na tochi yake mwenyewe. Akaamkia, akaitikiwa, akaanza kugonga kuta kama anayebisha hodi. Kabati lilikuwa bado kwenye chumba cha nyuma. Dalali alijipanga mbele ya ufa akiwa amepanua mabega, lakini mabega yake hayakutosha.

"Sogea, kijana," Timazi akasema, kisha akamwonyesha mwalimu kila kitu: bomba, mlimau, zege, nondo, kioo. Hakuacha hata mende.

Mwalimu alizima tochi. Akasema ameshaona nyumba tatu zilizopakwa poda, na hii ni ya kwanza kumwambia inaumwa wapi. Ila maneno si kioo. Akaomba abandike cha kwake, aandike tarehe kwa mkono wake, arudi mvua zikiwa zinaisha.

Dalali alitafuta pa kukaa.

Mvua zikanyesha kama zinalipa kisasi. Timazi alikuwa akiamka na kwenda kukisalimia kioo kabla ya mkewe, naye mkewe hakuona wivu. Siku moja mende akatokea tena, yuleyule kwa mujibu wa mama, akapanda ukutani, akafika kwenye kioo, akasimama juu yake akipunga masharubu. Kandambili tayari ilikuwa mkononi. Mama akakumbuka ngazi arobaini na moja. Akaivaa kandambili yake taratibu, akamwambia mende, "Pita, baba."

Mwalimu aliporudi, alipitisha tochi juu ya kioo, kisha ukucha. Kizima. Akasema anaichukua nyumba, na akaomba kabati libaki, maana mashuka anayo.

Siku ya kukabidhi funguo, mama alizishuka zile ngazi kwa mara ya mwisho, akizihesabu kwa sauti kama anayezifukuza kazi moja moja. Huku juu mlangoni, dalali, ambaye sasa alikuwa ameyapenda maadili kupita kiasi, alimshika Timazi mkono kwa mikono yote miwili. Akasema katika kazi yake hajaona mtu kama huyu. Akasema atawasimulia watoto wake, akiwapata, kwamba palikuwa na mzee mmoja aliyetanguliza ukweli mbele ya faida.

"Niambie tu, mzee wangu. Siku ile, ungeweza kulirudisha kabati na kunyamaza. Moyoni ulisikia nini?"

Timazi alitia kijiwe chake mfukoni.

"Lilikuwa zito."