Kalamu Msibani

Merlyn Famatid alipotoa kitabu chake cha pili, wanawake wa mtaa wake pale Miagao, Ufilipino, waliacha kulia mbele yake.

Vitabu vyake ni vya vijana, na katika kila kimoja kuna aliyekufa na kuna msichana aliyebaki. Wanafunzi huvisoma mpaka kurasa zichomoke. Mama zao nao huvisoma kwa kujificha, wakitafuta nani ameanikwa. "Yule hamwendei mgonjwa bure," walisema.

Basi jirani yao, mzee Tiburcio, alipofariki, Merlyn alikwenda alasiri ya siku ya tatu ya mkesha na mkebe wa biskuti. Alikuta wanawake kando ya jeneza wakinywa kahawa, wakisimulia jinsi marehemu alivyomwogesha jogoo wake wa mapigano mara nyingi kuliko alivyooga mwenyewe. Alipoingia tu, wakanyamaza.

Aliyevunja kimya ni Tiya Consing, shangazi wa mtaa mzima, ambaye mwanawe, baharia, alipotea baharini miaka minne nyuma na mwili haukuonekana.

"Lete mkoba, Inday," akasema, akimwita kama binti wa nyumbani.

"Wa nini, Tiya?"

"Nione umekuja kuzika au kuokota."

Merlyn angeweza kurudi kwake. Akautoa. Tiya Consing akachomoa kipepeo cha kujipepea, leso, rozari, kisha kalamu, akaiinua kama aliyeshika panya mkiani.

"Na hii inamlilia nani?"

"Ni kalamu tu, Tiya. Hata daftari sina."

"Daftari liko kichwani," mmoja akadakia, wenzake wakacheka chinichini.

Tiya Consing hakucheka. Alimvuta Merlyn kando, akashusha sauti. "Kwenye kitabu chako mama anapakua sahani nne, na waliobaki ni watatu. Nani alikwambia? Mlango wangu nilikuwa naufunga."

"Hakuna aliyeniambia. Ni mama yangu yule. Mdogo wangu alipokufa kwa homa ya dengue, alipakua ya nne mwaka mzima."

"Mama yako hajawahi kulisema hilo."

"Kwani wewe ulisema, Tiya?"

Tiya Consing akamtazama sana. Miaka thelathini alikuwa amefua nguo kwenye bomba moja na mama huyo, na neno hilo hakulisikia. Hakujua lipi lilimuuma zaidi: kuibiwa, au kuambiwa kwamba msiba wake haukuwa wake peke yake.

"Na chakula cha sahani hiyo alikipeleka wapi?"

"Alimpa mbwa."

"Mimi nilikila. Hata nilipokuwa nimeshiba, nilijilazimisha." Hapo akaona macho ya Merlyn yametulia kama ya paka aliyesikia kitu darini. "Hilo usiliandike."

"Siandiki."

"Apa."

Merlyn akaweka kiganja juu ya jeneza la mzee, akaapa mbele ya wote, wasijue anaapia nini. Mkoba alirudishiwa. Kalamu hakurudishiwa.

Kiapo amekitunza, ingawa asubuhi nyingine sentensi ya sahani ile humjia imekamilika, naye huondoka mezani kwenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo ametoa vitabu viwili. Kila kimoja, wa kwanza kuja kukiazima ni Tiya Consing. Hukisoma barazani, kidole chini ya mstari, hata wiki tatu, kisha hukirudisha bila kukisifu wala kukiponda.

"Safari hii sijajiona," husema. "Sasa hivi unaandika nini?"