Taa Iliyoficha Damu ya Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watu wanne katika duka la kushona nguo, Mbarara: Hajji Twaha, mwenye duka, Zubeda, binti ya dada yake, Fundi Elia, Mrundi, aliyenifundisha kukata, na mimi, Mama Furaha, niliyetoka Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na darasa tatu tu za shule. Ilikuwa 1996.

Elia alinipa makasi akaniambia, "Mushono utaufumua, mama. Kitambaa ukishakikata, basi."

Wakati ule taa zilikuwa zile za zamani, zenye waya ndani na mwanga wa manjano. Elia aliporudi kwao, meza ya kukatia ikawa yangu. Nilikata miaka mingi bila kukosea rangi.

Kisha zikaja taa za LED. Hajji alifunga zile nyeupe kabisa, akafurahi: "Sasa humu ni mchana!" Ndipo kwaya ya Juru ikaagiza magauni kumi na mawili ya rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea sana. Kitambaa kikaisha kwenye gauni la nane. Nikachukua kingine rafuni, nikavilinganisha chini ya taa. Sawasawa. Nikakata, nikashona.

Mama Neema, kiongozi wa kwaya, aliyatoa magauni mlangoni, juani, akayatenga manne, akaanza kucheka.

"Mama Furaha, hizi ine haziko damu ya mzee. Ni kahawa! Tutaimba ao tutauza kinywaji?"

Hajji hakucheka. "Mama, macho yako imezeeka. Kuanzia kesho makasi ni ya Zubeda."

Moyo uliniuma. Makasi yale ndiyo jina langu lote mjini. Mezani palikuwa na CD ya Zubeda, na nilijua mgongo wa CD hutoa rangi za upinde wa mvua. Nikaishika juani: nyekundu, manjano, kijani, bluu, zote zimejaa. Nikaileta chini ya taa: bluu kali, kijani, halafu nyekundu nyembamba kama uzi.

"Hajji, njoo uone. Taa yako ina nyekundu kidogo tu. Damu ya mzee itaonekana wapi, fasi gani?"

Hajji akaigeuza CD mara tatu.

"Mjomba," Zubeda akasema, "mwachie mama makasi yake."

Hajji akaniachia. Tukaenda wote kununua LED nyingine za mwanga wa manjano, na mimi nikazipima kwa CD pale pale kwa muuzaji, mpaka nikapata zenye nyekundu pana. Lakini kosa la kutokipeleka kitambaa juani lilikuwa langu, kwa hiyo yale magauni manne niliyakata upya.

Nilistaafu 2015, meza ikiwa bado yangu. Wajukuu, mkiambiwa taa ni nyeupe, ulizeni imebeba rangi zipi ndani yake. Na kama Zubeda ama Mama Neema ataona nimekosea hesabu ya magauni ama maneno ya mtu, anisahihishe, nitashukuru. Lakini akitaka kunisahihisha rangi, aje nayo kwanza mlangoni, juani.