Nakala ya Zamani Kwenye Kompyuta ya Wodi

Hospitalini walimwita Bi Usafi, na si kwa sifa. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, chumba chake kikiwa juu ya stoo ya dawa, na kila asubuhi aliifuta kibodi kwa spiriti kabla hajaketi. Ukiacha faili ovyo kwenye seva yake, siku hiyo utakula maneno mpaka ushibe.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mdogo wake, muuguzi wa wodi ya watoto, akampigia simu.

"Dada, karatasi ya dozi inayotoka kwenye programu yako bado inadanganya. Mtoto wa kilo kumi na moja imemwandikia dawa ya kilo ishirini."

Bi Usafi akakana katakata. Maktaba ya vipimo, kile kifurushi cha hesabu ambacho programu zote za wodi huchota humo, alikuwa ameijenga upya Jumatatu, kwa sababu hiyo hiyo: ile ya zamani ilipandisha uzito wa mtoto hadi kwenye kumi inayofuata. Mpya aliijaribu, akaiweka kwenye folda kuu ya kila kompyuta. Mdogo wake akamwambia kwamba mkuu wa wodi amechoshwa na hesabu za kalamu wanazopiga wauguzi kuisahihisha karatasi. Saa sita dawa itatolewa, na itatolewa kama karatasi inavyosema.

Akashuka ngazi mbili mbili.

Kompyuta ya wodi ilimtia kinyaa kabla hajaigusa. Vitufe vimegandana kwa soda, waya umefungwa plasta ya vidonda, na nyuma ya skrini mende amelala chali, miguu juu. Fundi wa kompyuta, waliyemwita Kiraka, alisimama hapo hapo akitafuna mkate. Bi Usafi akamwambia hata zizi lina ufagio. Kiraka akajitetea kwamba yeye hukuta hivyo hivyo, akaacha hivyo hivyo.

Akavaa glovu, akaandika amri ya kuonyesha kila maktaba imechukuliwa wapi. Kipakiaji, ile sehemu ya mfumo inayoitafutia programu maktaba zake inapoanza, hakina macho ya kujua jipya na kuukuu. Huanzia kilipoagizwa, kikikuta jina kinalolitaka hubeba, kwingine hakifiki. Na hapa kilibeba kutoka folda iitwayo "muda", iliyokuwa na nakala ya miaka miwili. Folda kuu, yenye maktaba mpya, hakikuifikia kamwe.

"Nani katapika humu?" aliuliza.

Akafungua faili la kuwashia programu, palipoagizwa folda hiyo itazamwe kwanza. Juu ya agizo pameandikwa: Njia ya mkato, majaribio tu. Nitaifuta kesho. Kisha tarehe, na herufi mbili za mwanzo za jina la Bi Usafi mwenyewe.

Kiraka akainama, akasoma, akapangusa makombo mdomoni. "Hiyo si yangu, bosi. Mimi nisingeahidi kesho."

Bi Usafi akafuta agizo, akafuta folda, akaiwasha programu upya. Karatasi ikatoka: kilo kumi na moja. Mdogo wake akaipitia kwa kalamu, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Mkuu wa wodi akaja kuuliza uchafu ulikuwa wa nani, macho yote kwa Kiraka.

"Ni wangu," alisema Bi Usafi.

Kisha akamgeukia mdogo wake. "Tangu Jumatatu, niliposema imepona, wa zamu nyingine nao walipiga hesabu kwa kalamu?"

Mdogo wake akasema aliwaambia wapige. Kama walifanya, hajui.

Bi Usafi akaomba karatasi zote za siku nne. Akavua glovu, zilimchelewesha, akaanza kuipiga upya ya kwanza kwenye kompyuta, vidole vikinata kwenye soda.