Sahani za Siku ya Nane

Ukoo mzima ulimwita Mama Hamira, na jina hilo walimpa kwa kejeli. Kaka yake ndiye aliyelianzisha, siku aliposikia kwamba dada yake anasomea uzamivu kwa kukuza hamira kwenye visahani. "Kwa hiyo umeenda chuo kikuu kujifunza kuumua unga," alisema, na meza nzima ikacheka. Yeye aliendelea kula. Hakuwa mtu wa kupoteza mate kwa kila anayemchokoza, lakini akishasema neno lake, hata ungemvuta kwa trekta hasogei.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, ndiye pekee aliyeuliza la maana: hiyo hamira anaitafutia nini? Akamweleza kwamba ndani ya kila seli kuna uzi mrefu wa DNA, umeviringishwa na kukazwa kwenye protini, na kila siku hukatika na kuungwa. Alitaka kujua unaungwaje na hali umeviringishwa. Shangazi akalitazama jora la kitambaa lililoegemea ukuta.

"Kitambaa kikichanika katikati ya jora, utakunjua, utashona, utaviringisha tena," alisema. "Hapo hakuna njia ya mkato, mwanangu. Muda wake lazima kiuchukue."

Maabara ya Profesa, msimamizi wake, ilikuwa na sheria, imebandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe juu ya kabati la joto ambamo visahani vya hamira huwekwa: hesabu siku ya tatu, tupa siku ya nne. Profesa alikuwa amejijengea jina kwa ugunduzi mmoja. Hamira isiyo na protini fulani inayosaidia kuunga uzi huo, alisema, ukiikata DNA yake kwa mionzi, hufa yote. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamezitazama sahani tupu siku ya tatu, wakapata shahada zao, wakaenda zao.

Wiki moja mtoto wa Mama Hamira akalazwa kwa pumu. Aliziacha sahani kabatini na, kwa ile haraka, akasahau kuandika tarehe kwenye vifuniko, kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hugombezwa kwalo. Mhudumu wa usafi hakuruhusiwa kutupa kitu kisicho na tarehe mpaka mwenyewe awepo, basi zikakaa. Siku ya nane alipolifungua kabati, sahani zilikuwa zimejaa vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi.

Hakushangilia. Alijua uchafu unavyoweza kumdanganya mtu. Alirudia jaribio mara tano, safari hii kila kifuniko kina tarehe kwa wino usiofutika, akavipima vidoa vile kimoja kimoja. Ilikuwa hamira ileile, haina protini ile, na iko hai. Ilikuwa ikiuunga uzi wake polepole na kuuviringisha upya, na kwa miaka kumi na mmoja watu walikuwa wakiizika ingali hai. Hilo lilimtia hasira kuliko lilivyomfurahisha.

Kila mara alimpelekea Profesa matokeo. Mara ya tano Profesa hakuinua hata macho.

"Huo ni uchafu," alisema. "Ondoa sura ya vidoa hivyo kwenye tasnifu, nami natia saini leo. Ukiiacha, tafuta msimamizi mwingine, na mkataba wako hapa unaisha mwezi huu."

"Naomba uje uhesabu mwenyewe, Profesa. Zipo kabatini."

"Mimi sihesabu siku ya nane."

"Basi sura inabaki."

Nyumbani kaka yake alimshangaa. "Kurasa ishirini tu, dada. Si ungezitoa? Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Ubusu wewe," alijibu. "Mimi midomo yangu ina kazi nyingine."

Akahamia chuo kidogo ambako alifundisha asubuhi na kutafiti mchana, kwa kabati moja la joto ambalo mlango wake aliufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Tasnifu ikapita huko, na sura yake ndani. Wakubwa wa fani walimpuuza. Waandaaji wa mikutano walimpa nafasi ya mwisho, wakati watu wanatafuta viatu waondoke. Aliongea vivyo hivyo, kwa sauti ileile, hata kwa viti vitupu. Miaka tisa ikapita hivyo, mpaka maabara tatu za mbali, kila moja kivyake, zikavumilia kufika siku ya nane na kuona vidoa.

Hapo ndipo maabara ya zamani ilipomwalika kuzungumza. Ile karatasi ya sheria ilikuwa imebanduliwa, gundi yake imebaki ukutani. Profesa, sasa mstaafu mwenye mkongojo, alikaa mstari wa mbele, na maswali yalipoanza akanyoosha mkono.

"Ungeniambia kwa upole," alisema, "ningekusikiliza."

Mama Hamira alifungua mkoba, akatoa vifuniko vitano vya sahani vilivyochakaa, akavipanga mezani.

"Nilikuambia kwa upole mara tano, Profesa," alisema. "Tarehe hizi hapa."